Ukisikia Mombasa Imefufuka, Uliza Imefufukia Wapi

Mwenye kibanda ninachokodi kuuzia chakula hapa Mombasa alikuja saa mbili asubuhi, siku moja baada ya mimi kuonekana kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Alisimama mlangoni na bakora yake, akasema, "Sabalkheri mwanangu. Jana nimekuona kwenye runinga. Alhamdulillahi, biashara imerudi." Nikamwitikia, nikamvutia kiti, nikamtilia chai. Chai haijapoa alikuwa ameshanipa habari yake: kodi ya kibanda, iliyokuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, kuanzia mwezi unaofuata ni 8,500.

Na mwandishi yule wa runinga tulikuwa tumekaa karibu nusu saa. Nilimfungulia daftari la madeni. Nilimweleza kwamba zamani nilikuwa nikipika kilo 12 za mchele kwa siku, na siku ile tuliyokuwa tukizungumza nilikuwa nimepika 4. Nilimwambia pia kwamba wiki ile madereva wa malori wawili watatu wa zamani walipita kunijulia hali, kwa hiyo dalili zipo, ila bado. Kilichotoka hewani ni mimi nakoroga sufuria, na sauti yangu ikisema, "Madereva wameanza kurudi." Sikusingiziwa, maneno ni yangu. Lakini nyumba nzima ya maelezo iliondolewa, ukabaki mlango peke yake.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2022. Naandika haya kwa sababu kila mwezi hivi kuna mtu ananiuliza kama arudi Mombasa, kama afungue duka Jomvu, kama akope anunue tuk-tuk, na karibu kila mmoja ananitajia habari aliyoiona. Mimi nilishaamua jambo zito kwa kufuata habari, nikalipia miaka miwili. Naomba usome nilivyojifunza kabla hujatoa akiba yako.

Napika na kuuza chakula Miritini, karibu na yadi za makontena, zile tunazoziita CFS. Ukitaka kuelewa habari za uchumi wa Mombasa, ni lazima kwanza ujue kontena lilikuwa linapita wapi. Likishushwa melini kwenye bandari ya Kilindini, lori lililivuta hadi yadi. Pale palikuwa na karani wa kulihesabu, makuli wa kulipakua, wakala wa forodha wa kulitolea karatasi, mlinzi, fundi wa matairi, kisha dereva na taniboi wake wa kulipeleka bara. Kila mmoja kati ya hao hula, hulala, huvaa, hutuma vocha. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, SGR, ilipoanza kubeba mizigo Januari 2018, kontena likawa linaweza kupandishwa garimoshi mle mle bandarini na kushukia bandari kavu, yaani yadi ya makontena ya bara, ya Embakasi, Nairobi. Hakuna aliyeliiba. Limepita tu juu ya vichwa vya watu wote niliowataja.

Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kutoka nje inayokwenda bara ipande reli, hakuna cha hiari. Wengi mnakumbuka maandamano ya Jumatatu pale mjini mwezi wa Septemba, watu wamevaa nyeusi. Mapema Oktoba amri ikasimamishwa, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikaifuta. Lakini kwetu Miritini mahakama haikurudisha wateja. Yadi iliyo karibu nami ilikuwa imeshafunga geti moja, na karani aliyekuwa akila kwangu kwa mkopo wa mwezi alikuwa amerudi kwao Taita.

Sasa tulia hapa kidogo, maana hapa ndipo nilipofumbuka macho. Mwaka 2017 bandari ya Mombasa ilipitisha karibu makontena milioni 1.2, kwa hesabu ya makontena ya futi 20. Mwaka 2019, mwaka ule ule wa nguo nyeusi, ilipitisha zaidi ya milioni 1.4. Yaani wakati mimi nashuka kutoka kilo 12 hadi kilo 3, bandari ilikuwa inapanda. Jioni moja mtangazaji angeweza kusema bandari imevunja rekodi, na jioni ya pili mwenzake akasema Mombasa inakufa, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Mmoja alihesabu kinachopita, mwingine alitazama kinachobaki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mwanzo ni huu: ukisikia tani na makontena, usizitafsiri haraka kuwa ni kazi. Mwaka 2024 bandari ilivuka makontena milioni 2, na shehena yote ikafika tani milioni 41. Nilifurahi kama Mkenya yeyote, na bandari yetu naipenda, baba yangu aliifanyia kibarua. Lakini sehemu isiyo ndogo ya shehena ile inapita kwenda Uganda, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda. Uliza: imepita kwa reli au kwa lori? Imefunguliwa hapa au imefungwa hivyo hivyo hadi Kampala? Aliyeitolea karatasi amekaa Mombasa au Nairobi? Habari ya dakika mbili haina nafasi ya kukujibu maswali hayo. Wewe ndiye unayepaswa kuyauliza, maana pesa ni zako.

Kosa langu sasa. Tarehe 13 Septemba 2022 Rais Ruto aliapishwa, na siku ile ile akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kwetu watu walishangilia barabarani, na mimi nilishangilia nao. Wiki nzima runinga haikuwa na jambo jingine kuhusu Mombasa: mji umerudishiwa uhai, vijana watapata kazi, yadi zitajaa. Nikaenda kwenye chama chetu cha akiba na mikopo nikaomba shilingi 80,000. Nikachukua kibanda cha pili upande wa juu wa barabara, nikanunua majiko mawili, masufuria, meza, nikamwajiri msichana mmoja. Nilijiwekea hesabu kwamba kufika Disemba madereva watakuwa wamejaa.

Hawakujaa. Walirudi, ila kidogo kidogo. Mwenye mzigo sasa alikuwa na hiari, na wapo walioona reli inawafaa wakaendelea nayo. Mawakala waliokuwa wameshahamisha ofisi na watoto wao Nairobi hawakufungasha virago kwa tamko la siku moja. Yadi nyingine zilikuwa zimeshauza mashine za kunyanyulia makontena, na mashine hizo hazinunuliwi kwa wiki. Kibanda cha pili nilikifunga Juni 2023. Msichana yule nilimlipa mshahara wa mwisho kwa kuuza majiko. Deni la chama nililimaliza mwishoni mwa 2024, na wanachama wenzangu walinivumilia kwa namna ambayo sitaisahau.

Tangu hapo nina tabia moja nikisikiliza habari, na nakuomba uijaribu: shika kitenzi. Kiswahili chetu hakimfichi mtu. Kuna -ta- na kuna -me-. "Eneo maalumu la viwanda Dongo Kundu litaajiri maelfu" ni -ta-. "Kampuni imeajiri watu 40" ni -me-. Katika habari zile za 2022 zilizonifanya nikope, nikizikumbuka sasa, karibu kila kitenzi kilichobeba kazi kilikuwa na -ta-. Kilichokuwa na -me- kilikuwa kimoja: Rais ametangaza. Kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kikabaki cha kuhifadhi tu, na tangu wakati ule nimesikia "kitafufuliwa" mara nyingi kiasi kwamba wanangu wamekua nalo neno hilo. Sisemi ahadi ni uongo. Nasema usinunue sufuria kwa -ta-.

Pia tazama mwandishi amesimama wapi. Akisimama mbele ya winchi za Kilindini, atakueleza habari ya bandari. Akisimama ufukweni Nyali mwezi wa Disemba, atakueleza hoteli zimejaa, na ni kweli, huwa zinajaa Disemba. Kaunti hii ina maeneobunge 6, na neema ya Nyali inaweza kukaa mwaka mzima bila kuvuka kufika Jomvu. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, inayotoka huku kwetu hadi Pwani ya Kusini bila kupita feri ya Likoni. Kwa wa Likoni na Kwale ni baraka kubwa. Kwangu mimi, baadhi ya malori yaliyokuwa yakisimama sasa yanapinda na kwenda zao. Barabara ni moja, habari zake mbili.

Basi ukitaka kujua hali ya mahali, nenda ukakae siku tatu. Siku moja haitoshi, maana huenda umefika siku ya malipo. Nenda saa kumi na mbili asubuhi kwenye geti la yadi au kiwanda, uhesabu vibarua wangapi wamesimama, na wangapi wameingizwa. Wakisimama 60 wakaingia 15, habari umeshaipata. Angalia vibao vya "chumba kinapangishwa" Mikindani na Jomvu, kisha uliza chumba kimekaa kitupu muda gani. Muulize mwenye duka la jumla, kwa adabu, kama siku hizi anakopesha. Huyo anajua kuliko sisi wote, kwa sababu yeye hakopeshi kwa kusikia. Mwaka 2019 baada ya magazeti kuandika kwamba huku kumekuwa mahame, wangu alinikatia mkopo wa mchele siku hiyo hiyo, ingawa nilikuwa sijachelewa kumlipa hata mara moja. Habari mbaya nayo ina gharama, na hulipwa na aliyekuwa bado amesimama.

Na usidanganywe na foleni ya malori. Foleni ndefu Changamwe inaweza kuwa biashara imepamba moto, au karatasi zimekwama tu na madereva wamelala barabarani siku ya tatu. Nakiri kwamba siku za kukwama ndizo nilizouza zaidi, mchana, usiku, na chai ya alfajiri. Lakini yule dereva anakula posho yake inayoisha, na safari ijayo hatakuwa nayo. Muulize amekaa pale tangu lini kabla hujaifurahia foleni.

Neno kwa wale ambao waandishi watawafikia, na mkiwa na biashara barabarani watawafikia. Usikatae kuzungumza. Tukinyamaza, habari zetu zitasimuliwa na waliokuja kwa ndege ya asubuhi na kurudi kwa ya jioni. Lakini panga sentensi yako kabla kamera haijawashwa. Weka idadi na tarehe ndani ya sentensi moja, hata wakiikata waichukue nzima: "Mwaka 2016 nilipika kilo 12 kwa siku, leo nimepika 4." Hiyo haiwezi kukatwa ikawa furaha. Mimi nilisema "wameanza kurudi" peke yake, likachukuliwa peke yake, nami nikalipishwa 2,500 zaidi kila mwezi. Na mwisho mwombe mwandishi namba yake, umwambie arudi baada ya miezi sita. Wengi hawarudi. Mmoja alirudi, kijana wa redio, akakaa kwenye benchi bila kuniuliza chochote hadi wateja wa mchana walipokwisha, akajihesabia sahani mwenyewe. Kipindi chake kilikuwa cha dakika kumi, na ndicho pekee ambacho majirani walikisikiliza na kusema, naam, hivyo ndivyo tulivyo.

Mzee mwenye kibanda nilimwendea nyumbani kwake mapema 2023, baada ya swala ya alasiri, na daftari langu. Sikwenda kugombana. Nilimwambia, "Baba, ulichokiona kwenye runinga ni siku moja. Hizi hapa ni siku 90." Akavaa miwani, akafungua kurasa moja moja, akauliza "hii ni nini?" kila alipoona alama asiyoijua. Tulikaa hadi magharibi ikaadhiniwa. Akanishusha hadi 7,000, tukakubaliana kwamba kila miezi mitatu nitamletea daftari, kodi ipande au ibaki kwa kutazama kilo. Hadi leo ndivyo tunavyokwenda.

Wiki hii nimepika kilo 7 na nusu kwa siku. Jumanne walikuja madereva wawili wapya, Waganda, wakaniuliza kama napika matoke. Jirani yangu ameolewa na Mganda, amekubali kunionyesha Jumamosi. Nitaanza na sufuria ndogo.