Safari ya garimoshi la mvuke: fika mapema, kaa behewa la mbele

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kulipa nauli kupanda treni inayovutwa na injini kuukuu ya mvuke, wakati treni za siku hizi zinakufikisha upesi zaidi. Nakujibu kwa niliyoyaona Nairobi, nyuma ya injini namba 5918 "Mount Gelai": lipa, tena bila kusita.

Hiyo ni injini ya mvuke ya aina inayoitwa Garratt, daraja la 59. Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, iliunda 34 mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila moja ikizidi kidogo tani 250. Kwenye reli ya upana wa mita moja hakuna injini ya mvuke iliyozipita kwa ukubwa na nguvu. Zilipewa majina ya milima, na Gelai uko kwetu Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Pale makumbusho ya reli ipo pia injini namba 3020, inaitwa "Nyaturu". Mimi mtu wa Singida, kwa Wanyaturu, nilisimama mbele ya kibao kile mpaka wenzangu wakaniita.

Sasa sikiliza hapa. Boila la Garratt, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ni moja, limekaa katikati, ila kuna injini mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja ina silinda na magurudumu yake, wala hazikufungwa pamoja. Zikipanda mlima zinapiga kwa pamoja, kisha moja inatangulia kidogo, mapigo yanaachana, halafu yanakutana tena, kama ngoma mbili zinazotafutana. Ukikaa behewa la mwisho hutalisikia hilo. Kaa la mbele, ufungue dirisha.

Na ufike mapema sana, maana moto unawashwa tangu usiku. Mafuta mazito inayochoma yakiwa baridi hayatiririki, lazima yapashwe. Boila nalo haliharakishwi: chuma kikipata moto upande mmoja kuliko mwingine, mabomba huanza kuvuja. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alinionyesha kioo cha kupimia maji, akasema hicho hutazamwa kabla ya geji ya mvuke. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri, yaani chumba cha moto, boila linaweza kulipuka. Wazee hao ndio sababu kubwa ya kwenda sasa na si baadaye. Daraja la 59 liliondolewa kazini kufikia 1980, kwa hiyo aliyevuta nalo mizigo ya Mombasa leo ni mtu mzima sana. Muulize maswali yote uliyonayo.

Njiani treni itasimama porini, mshushwe, irudi nyuma, kisha ipite mbele yenu ikifuka moshi ili watu wapige picha. Usidhani imeharibika. Simama upande jua linakotoka, na usimkinge mwenzako.

Vaa nguo nyeusi na miwani, masizi ya mafuta hayatoki kirahisi. Ukiwa na mtoto, mpeleke kwa dereva na fayamani, yule anayetunza moto, kabla ya kuondoka, wakishaanza safari hawana nafasi ya maongezi.