Poti umeifungua, mbona bado imefungwa? Yaliyonikuta mimi hapa Lubumbashi

Mdogo wangu, umeandika kwamba umeingia kwenye modemu yako ya nyumbani, ukafungua poti (mlango wenye namba ambao programu hupokelea wageni wa mtandao) 51413 kwa ajili ya Transmission, programu ya torenti, ukahifadhi, ukazima na kuwasha, na bado programu inakuambia poti imefungwa. Unataka kumtumia dada yako aliye Likasi mafaili makubwa, na umeuliza umekosea wapi. Inawezekana kabisa hujakosea popote. Nakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili lilininyima usingizi usiku tatu mfululizo, na usiku wa tatu ndipo nilipogundua kwamba mlango niliokuwa nahangaika nao haukuwa wangu.

Mimi ni mtu wa video za harusi. Nakaa mtaa wa Bel-Air, nakata na kupanga. Shemeji yangu yuko Kolwezi, yeye anarekebisha rangi na sauti, kisha ananirudishia. Harusi za kwetu unazijua: kuna siku ya mahari, kuna ya komuni kwa ndoa ya serikali, kuna kanisa, halafu sherehe mpaka jogoo awike. Nikimaliza kukusanya kadi zote za kamera nina gigabaiti 38, mara nyingine zaidi. Zamani nilikuwa naifunga flashi kwa nailoni, naitia kwenye bahasha, nampa dereva wa basi pamoja na pesa ya soda. Siku moja ikafika Kolwezi kichwa kimepinda kama msumari uliogongwa na fundi mlevi. Shemeji alinitumia picha yake bila kuandika neno lolote chini.

Hapo ndipo tulipohamia torenti. Wengi wakisikia torenti wanafikiria sinema za wizi tu, lakini ni njia ya kusafirisha faili kama nyingine, kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa vipande, na kwa hali ya huku inafaa kuliko nyingi: mtandao ukikatika mara kumi, inaendelea pale ilipoachia, na kila kipande kinakaguliwa kikifika. Faili la gigabaiti 38 ukilipandisha kwa kivinjari, likakatika kwenye asilimia 91, mara nyingi unaanza sifuri. Hilo nimelionja.

Sasa tuje kwenye poti. Kwanza jua kwamba poti iliyofungwa haizuii torenti kufanya kazi. Ukichukua faili la Linux (mfumo wa kompyuta wa bure) au Wikipedia ya Kiwix ya kusoma bila mtandao, ambalo lina wagawaji mamia, utapata tu, kwa sababu wewe ndiye unayewapigia hodi, na miongoni mwao wapo walio wazi. Tatizo linakuja mkiwa wawili. Wewe umefungwa, dada yako amefungwa, hakuna anayeweza kumpigia mwenzake hodi, na mshale unabaki kwenye asilimia sifuri hadi mzeeke. Habari njema ni kwamba akiwa wazi mmoja tu, inatosha. Kwa hiyo kabla hujajitesa na modemu yako, uliza ya dada yako ikoje. Sisi tulipoteza wiki nzima kwa kutolijua hili.

Fikiria parcelle, yaani kiwanja cha nyumba, yenye wapangaji watano na geti moja. Barabarani inajulikana kwa namba moja tu. Mtu wa ndani akitoka kwenda dukani na kurudi, sentinele, mlinzi wa getini, anamkumbuka, anampitisha. Lakini mgeni akija kutoka nje akasema "namtafuta mtu wa mlango 51413", sentinele hamjui, anamfukuza. Kufungua poti ni kumwambia sentinele: mgeni wa mlango huo mpeleke chumba cha nne, kwa kompyuta yangu. Basi. Hakuna uchawi mwingine ndani yake.

Shida ya wengi wetu ni kwamba geti la parcelle si geti la mwisho. Kampuni za mtandao, hasa zinazotupa modemu za kadi ya simu, zinaweka geti lingine kubwa mwanzoni mwa mtaa, na mamia ya wateja wanatokea hapo kwa namba moja. Sentinele wa geti lile hakuajiriwa na wewe na maagizo yako hayamfikii. Hawafanyi hivyo kwa roho mbaya. Anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao, za aina ya zamani ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na ghala kuu lilitoa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Mwaka uliofuata wakatenga rasmi fungu maalumu la anwani za kutumika nyuma ya mageti makubwa ya namna hiyo.

Kujua uko upande gani kunachukua dakika mbili, na ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya yote. Ingia kwenye modemu. Kama hujui anwani yake, andika ipconfig kwenye dirisha jeusi la maagizo la Windows (cmd), utaona mstari wa "Passerelle par défaut": huwa ni 192.168.1.1, 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwenye modemu nyingi za Huawei. Neno la siri kwa kawaida liko kwenye kibandiko chini ya modemu. Tafuta ukurasa wa hali, penye "Adresse IP WAN", yaani anwani ya modemu upande wa nje, uandike hiyo namba kwenye karatasi. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo nje, ulinganishe. Zikifanana, geti ni lako, endelea. Zikitofautiana, angalia ile ya kwenye modemu inaanzaje. Ikianza na 10, au 100.64 mpaka 100.127, au 172.16 mpaka 172.31, uko nyuma ya geti kubwa, na unaweza kufungua poti mpaka kidole kiote sugu, hakuna mgeni atakayefika. Ikianza na 192.168, mara nyingi maana yake kuna kifaa kingine mbele yako ndani ya nyumba hiyohiyo, na hilo nitalirudia.

Yangu ilianza na 10. Usiku tatu!

Nilipiga simu kwa kampuni niliyokuwa natumia wakati huo. Kijana wa kwanza akaniambia nizime modemu na kuiwasha. Wa pili vilevile. Wa tatu alinielewa, akasema anwani ya umma, ile inayofikika moja kwa moja kutoka nje, wanayo, ila ni kwa mashirika na wanaiuza kwa mkataba. Angalau alinijibu. Nikahamia laini ya nyumbani ya kampuni nyingine, na kabla ya kulipa nilimwuliza fundi swali moja tu: "Anwani ya WAN nitakayopewa ni ya umma au ni ya ndani?" Akacheka, akasema mteja wa nyumbani haulizi hivyo. Akaangalia, ikawa ya umma, nikalipa. Nawe uliza kabla ya kulipa, maana baada ya kulipa majibu hubadilika. Na usidhani Starlink, mtandao wa setilaiti, itakuokoa: mkataba wa kawaida wa nyumbani nao umekaa nyuma ya geti kubwa.

Kama anwani yako ni ya umma, kazi iliyobaki ni nyepesi. Menyu inaitwa "Redirection de ports", au "Serveur virtuel", au imefichwa ndani ya "NAT", kila mtengenezaji na akili zake. Jina la kanuni weka lolote. Poti ya nje 51413, poti ya ndani 51413, anwani ya ndani ni ya kompyuta yako, na penye itifaki (namna ya kusafirisha data) chagua TCP na UDP zote mbili. Wengi wanachagua TCP peke yake kwa sababu ndiyo iliyotangulia kwenye orodha. Hakikisha namba hiyo ndiyo iliyo kwenye programu yenyewe, na kwamba programu haijawekewa alama ya kubadilisha poti kila inapowaka.

Yangu ilikubali. Kijani! Nikampigia shemeji, tukasherehekea kwa simu kama watu waliopata mtoto. Siku nne baadaye umeme ukakatika, ukarudi saa nane usiku, na poti ikawa imefungwa tena.

Nililalamika, nikafuta kanuni, nikaiandika upya, wapi. Asubuhi, chai mkononi, ndipo nikaiona: kompyuta ilikuwa 192.168.1.4, sasa ni 192.168.1.7. Modemu ilipowaka upya iligawa namba upya, na simu ya mwanangu ikachukua ya 4. Kwa hiyo wageni wote wa torenti walikuwa wanapelekwa kwa simu ya mtoto wa miaka tisa. Dawa ni kuifunga namba: kwenye sehemu ya DHCP, inayogawa namba za ndani, tafuta "Réservation d'adresse", unachagua kompyuta yako kwa anwani yake ya MAC, namba ya kiwandani ya kifaa chake cha mtandao, unaipa namba yake ya kudumu. Kwa mji wenye umeme kama wetu, hatua hii siiiti ya hiari. Ila kumbuka kompyuta ikiwa na waifai na kebo, hizo ni MAC mbili tofauti. Funga ile unayoitumia.

Bado haikubali? Ngome ya Windows (pare-feu), ile inayozuia wageni kwenye kompyuta yenyewe. Mtandao wa nyumbani ukiwa umeandikwa "Public", Windows inakuwa kali. Ugeuze uwe "Privé", kisha uiruhusu programu yako kwenye ngome. Usiizime ngome yote, hata kama jirani amekwambia ndivyo alivyofanya.

Na ile 192.168 niliyosema nitairudia: ni pale kampuni imekupa modemu, nawe ukanunua ruta yako ukaichomeka nyuma yake ili mawimbi yafike chumbani. Hapo una sentinele wawili ndani ya parcelle moja. Ama umwagize wa kwanza apeleke kwa wa pili na wa pili apeleke kwa kompyuta, ama uigeuze ruta yako iwe ya kusambaza waifai tu. Mimi nilichagua la pili.

Ukipima, usipime kutoka ndani kwa kuandika anwani yako mwenyewe ya nje. Modemu nyingi hazijui kumpokea mtu wa nyumbani anayejifanya mgeni, zitakudanganya kwamba pamefungwa. Tumia kipimo cha ndani ya Transmission, au simu iliyozimwa waifai, na programu iwe imewaka wakati unapima. Poti isiyo na programu inayosikiliza itaonekana imefungwa, hata kanuni iwe safi namna gani.

Usifungue poti 445 ya kugawana mafolda ya Windows, wala 3389 ya kutawala kompyuta kwa mbali. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa kupitia hiyo 445. Sehemu inayoitwa DMZ nayo iache, hiyo ni kumwambia sentinele aende kulala. Poti moja, programu moja, basi. Kuhusu UPnP, ile inayofungua poti yenyewe bila kukuuliza: ni rahisi, lakini programu yoyote iliyoingia nyumbani kwako inaweza kuitumia vilevile. Mimi nimeizima.

Na harusi ni ya watu. Mimi kabla ya kutengeneza torenti nafunga kila kitu kwa 7-Zip, programu ya kubana mafaili, na neno la siri, kisha neno namwambia shemeji kwa mdomo. Torenti ya kawaida inaweza kuokotwa na mtu usiyemjua. Akiokota, na aokote kufuli. Ili kukutana haraka, kwenye qBittorrent, programu nyingine ya torenti, mtu wa upande wa pili anaweza kuniongeza kwa mkono: anwani yangu, nukta mbili, namba ya poti. Anwani yangu ya nje inabadilika modemu ikiwaka upya, kwa hiyo kila tukianza namtumia mpya kwa ujumbe.

Ukikuta uko nyuma ya geti kubwa na huna pesa ya kuhama, na dada yako naye yuko hivyohivyo, achana na poti. Sakinisha Syncthing, programu ya kulinganisha mafolda kati ya kompyuta, pande zote mbili. Inatafuta njia yenyewe, na isipopata inapitia kwa seva ya kati, data ikiwa imefungwa kwa siri njia nzima. Kupitia seva ya kati ni polepole, lakini inafika.

Kabla ya lolote, piga hesabu ya kupandisha. Mimi napandisha megabiti 4 kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 38 zinachukua kama saa 21. Basi la Kolwezi lingefika mapema zaidi, kusema kweli, ila basi halikagui vipande. Na kama unalipia kwa forfait (kifurushi) ya megabaiti, weka kikomo cha kupandisha kwenye programu na uifunge kazi ikiisha. Nimeshamaliza forfait ya mwezi kwa usiku mmoja, nikigawa Linux kwa watu ambao sitawaona maisha yangu yote.

Sasa niletee namba mbili za kwanza tu za anwani ya WAN, yako na ya dada yako, zilizobaki zifiche. Usiguse kitu kingine mpaka uzilete.