Rampu ipo, lakini watu wenye ulemavu hawaji: mwanzie wapi?

Mwanzisha uzi, umesema kituo chenu cha huduma za jamii Kisumu kimejenga rampu (njia ya mteremko badala ya ngazi) na bado watu wenye ulemavu hawaonekani. Umeuliza pia kama nadharia ya mitazamo ya ulemavu mliyofundishwa kwenye semina ina kazi yoyote. Inayo, tena kubwa.

Mtazamo wa kitabibu huuliza mtu huyu ana kasoro gani. Mtazamo wa kijamii, uliotokana na wanaharakati wenye ulemavu wa UPIAS, chama kilichopinga kutengwa kwao, nchini Uingereza mwaka 1976 na kupewa jina na msomi mwenye ulemavu Mike Oliver mwaka 1983, huuliza ni nini kinachomzuia. Baadaye wengine wenye ulemavu waliukosoa, na walikuwa na haki: maumivu na uchovu haviishi kwa kuondoa ngazi. Ndiyo maana asiyeweza kuvumilia foleni ya kusubiri saa tatu nzima apangiwe saa yake ya kuja, bila kudaiwa barua ya daktari.

Sasa pimeni rampu yenu. Kipimo ni 1 kwa 12: sakafu ikiinuka sm 45, rampu iwe na urefu wa mita 5.4. Mafundi wakibanwa na nafasi huishia mita mbili, na kiti cha magurudumu hupindukia nyuma. Mbele ya mlango pawe tambarare mita 1.5, la sivyo anayevuta mlango ataserereka kurudi chini. Mlango uwe na uwazi wa sm 80 au zaidi. Kisha tembeeni hadi tuktuk zinaposhushia watu. Mvua za Aprili zikifanya hapo tope, hakuna atakayeifikia hiyo rampu. Na choo kipana kisifanywe stoo ya mifagio.

Viziwi ndio husahaulika zaidi. Msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa mzazi wake: hakuna mama atakayeeleza kwamba anapigwa nyumbani kupitia kwa binti wa miaka kumi. Mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya awe na fungu lake la bajeti tangu mwanzo. Kikao kirefu kinataka wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30, kwa sababu mkalimani akichoka maneno hupotea.

Kwenye fomu ondoeni swali "Je, una ulemavu?" Wengi hujibu hapana, kwa aibu au kwa kujiona ni wazee tu. Tumieni maswali sita ya Washington Group, kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Kila moja huulizwa kama mtu anapata ugumu, na ni wa kiasi gani.

Yote haya yanataka pesa. Kifungu cha 54 cha Katiba kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, lakini kaunti hutenga fedha kwa kilichoandikwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa hiyo pelekeni memoranda (maoni yenu ya maandishi) mapema, ikitaja kitu, mahali na gharama. Kipi kitangulie kiamuliwe na kikundi cha watu wenye ulemavu cha wadi yenu, na nauli yao pamoja na ya wasaidizi wao ilipwe siku hiyohiyo ya kikao.