Ngozi imelegea tangu utotoni, nikafanye opasheni?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni binti wa miaka 24 niko Dodoma. Tangu mdogo ngozi yangu imelegea, mashavu yananing'inia, kwapani na tumboni ndo usiseme, nikiivuta inarudi polepole sana. Shuleni waliniita bibi. Mama nae yuko hivyo hivyo. Hospitali wameniambia ni ugonjwa wa kurithi, kutisi laksa. Nimepaka kolajeni, ile protini ya ngozi, nimemeza vidonge vyake, hela imeisha. Opasheni ya kuvuta ngozi itanisaidia au ntaharibika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hilo jina, najua linavyouma. Kolajeni acha kununua. Kinachorudisha ngozi ikivutwa ni elastini, we fikiria lastiki ya sketi, sasa yako ina kasoro toka tumboni mwa mama, na kolajeni ukiimeza tumbo linaisaga kama nyama yoyote, ukiipaka haifiki huko chini. Mkorogo ndo usiguse kabisa, ile yenye steroidi inazidi kuipunguza ngozi unene.

Opasheni inawezekana, na wenye kutisi laksa kwa kawaida vidonda vyao vinapona vizuri tu. Watu wanachanganya na Ehlers-Danlos, ugonjwa mwingine wa kurithi, wale ngozi inavutika sana ila ukiiachia inarudi chap, shida yao inachanika kirahisi, nyuzi hazishiki vizuri na makovu yanatanuka, kwao kisu ni cha kufikiria sana. Ila nikwambie ukweli, utafurahi na uso wako halafu baada ya muda utaanza kulegea tena maana lastiki ni ile ile, wengine wanarudia opasheni.

Kinachonitia wasiwasi mi ni kwamba hujataja moyo wala mapafu. Elastini iko huko pia, mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo unaweza kutanuka kimyakimya na mapafu yakachoka mapema, kwahiyo kabla hujalala meza ya opasheni pima eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo, pima mapafu, waangalie na ngiri, na sigara usiiguse. Kwa ngozi nenda hospitali ya KCMC Moshi, wana kituo kikubwa cha magonjwa ya ngozi, eko unaweza kupima Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ukifikiria kuzaa, waulize pia kuhusu kurithisha, maana kama ni ile aina inayotoka kwa mzazi mmoja basi kila mimba ni nusu kwa nusu. Na mama usimuache nyumbani, nae hiyo eko apimwe.