Kishikwambi Kikigoma Kucheza Video, Usikimbilie Kununua Kingine

Tanga imejaa vishikwambi siku hizi. Walimu wanavyo vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha wakagawiwa, maduka ya Ngamiani yana vya mtumba, na ndugu walioko Maskati wakibadilisha vyao hawakosi kutuma kimoja nyumbani. Vingi ni vizima kabisa: betri inakaa, kioo hakina ufa, mtandao unashika. Kisha mtu anafungua ukurasa, maandishi yanatokea vizuri, na pale ilipotakiwa iwepo video panabaki mraba mweusi. Hapo maneno yanaanza: kimekufa, kimechoka, nunua kingine.

Nafundisha sayansi sekondari, na kwa kuwa kishikwambi nakitumia sana darasani, wenzangu na majirani huniletea vyao. Ninachowaambia wote ni hiki: kabla hujatoa hata shilingi, ujue ni faili gani limegoma na limegoma kwa nini. Mara nyingi kifaa chenyewe hakina ubaya wowote.

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawalielezi. Jina la faili halikuambii kilichomo. MP4, MOV, MKV na WebM, zile herufi za mwisho wa jina, ni makapu tu, na kapu lililofunikwa sokoni hujui ndani mna dagaa au mna nazi mpaka lifunuliwe. Ndani yake mna picha iliyobanwa kwa njia moja na sauti iliyobanwa kwa njia nyingine, na njia hizo za kubana ndizo huitwa kodeki. Picha yaweza kuwa H.264, iliyokuwapo tangu 2003 na ambayo karibu kila kishikwambi huisoma. Yaweza kuwa H.265 ya 2013, au VP9 ya Google, au AV1 iliyotoka 2018. Ndiyo maana MP4 moja inacheza, na MP4 nyingine inagoma kwenye kifaa hicho hicho.

Kodeki zimekuwa nyingi kiasi hiki kwa sababu ya fedha pia. H.264 na H.265 zina hataza, yaani haki za kisheria za waliozivumbua, na watengenezaji wa vifaa na programu hutakiwa kuzilipia. Google na wenzake wakatengeneza zao zisizolipiwa. Wikimedia, wenye Wikipedia, nao video zao huziweka kwa WebM au Ogg kwa sababu wanataka fomati huria. Apple kwa miaka mingi hawakuzipokea hizo. Mvutano wa wakubwa hao ndio unaomfikia mwanafunzi wa Makorora, anayebonyeza alama ya kucheza na asione kitu.

Shangazi yangu wa Chumbageni aliletewa video ya harusi na mwanawe aliyeko Maskati. Nilipofika kumsalimia hakunikaribisha hata chai kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hiki. Nasikia vigelegele, nasikia ngoma, bibi harusi simwoni."

Kweli, sauti ilikuwa safi na kioo cheusi tii. Nikatazama faili: MOV, na lilikuwa limetumwa WhatsApp kama hati, si kama video. Kijana alifanya hivyo kwa nia njema, ili picha isipungue ubora. Lakini iPhone, kuanzia iPhone 7 yenye mfumo wa iOS 11 wa 2017, hurekodi kwa H.265 isipokuwa mwenyewe uibadilishe, na kishikwambi cha Shangazi ni cha zamani. Kilikuwa kinaiweza sauti, picha hakiiwezi. Nilimwekea VLC, programu ya bure inayobeba kodeki zake yenyewe. Bibi harusi akaonekana, ila kwa kuruka ruka, kwa sababu kazi ya kufungua picha nzito namna ile ilikuwa inafanywa na prosesa dhaifu. Tukampigia kijana simu. Akaituma upya kama video ya kawaida, na WhatsApp yenyewe ikaigeuza kuwa MP4 ya H.264. Ikacheza moja kwa moja.

Kwa hiyo ukiona sauti ipo na picha haipo, mwombe aliyekutumia aitume tena kama video, asiitume kama hati. Akiwa na iPhone, aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague "Most Compatible". Kuanzia hapo video zake za kawaida zitarekodiwa kwa H.264 na picha zake zitakuwa JPEG badala ya HEIC, ambayo nayo huwasumbua wengi wenye Android za kabla ya toleo la 9.

Kinyume chake pia hutokea: picha ipo, sauti hakuna. Hiyo huwapata sana wanaopakua filamu za MKV. Sauti imebanwa kwa DTS au Dolby, na programu ya video iliyokuja na kifaa haina kibali chake. VLC hulimaliza hilo, sina la kuongeza.

Sasa nije kwenye kurasa za wavuti, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Kurasa nyingi za zamani, hasa za masomo na michezo ya watoto, zilitengenezwa kwa Flash, programu ya kampuni ya Adobe iliyokuwa ikichezesha video na michezo ndani ya ukurasa. iPad ilipotoka 2010 haikuwa nayo, na Aprili mwaka huo huo Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini: usalama, betri, na kwamba haikutengenezwa kwa kioo cha kugusa. Android ilikuwa nayo kwa muda. Novemba 2011 Adobe walitangaza kuacha kuiendeleza kwenye simu na vishikwambi, na Agosti 2012 ikaondolewa kwenye duka la Google. Mwisho wake kila mahali, hata kwenye kompyuta, ulikuwa tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ilizuia maudhui yake yasicheze.

Nimezitaja tarehe hizi kwa makusudi. Ukurasa ukikuandikia kwamba Flash yako imepitwa na wakati, bonyeza hapa upakue mpya, huo ni uongo. Hakuna Flash mpya ya kishikwambi. Utakachopakua huenda kikawa programu ya kusoma meseji zako, na kwenye meseji ndiko zilipo namba za siri za benki na taarifa za miamala. Fundi simu akikuambia lete elfu kumi nikuwekee Flash, chukua kifaa chako uondoke. Mama mmoja jirani yangu alilipa, akarudishiwa kishikwambi kinachorusha matangazo hata akiwa anasoma Kurani. Iliniuma, maana hela ile ilikuwa ya mtoto ya daftari.

Ukurasa wa Flash una njia mbili halali. Ya kwanza ni Ruffle, programu huria inayoigiza Flash ndani ya kivinjari. Baadhi ya wenye tovuti, kama Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya vitu vya zamani, wameiweka wenyewe, hivyo wewe huhitaji kupakua chochote. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kutafuta toleo jipya la kitu kile kile. Mfano wangu ni PhET, majaribio ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Majaribio yao ya mwanzo yalikuwa ya Java na Flash, na kwenye kishikwambi yalikuwa hayafunguki. Wakayaandika upya mengi kwa HTML5, teknolojia ambayo kivinjari huicheza bila kuongezewa kitu. Ukifika kwenye tovuti yao, chuja uone ya HTML5 pekee. Yapo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na jaribio unaweza kulipakua kama faili moja, ukalifungua bila bando. Kidato cha Pili wangu walijenga saketi za umeme kwa vidole, wakaunguza betri za kwenye kioo, wakacheka, kisha wakanieleza wenyewe kwa nini zimeungua. Mwalimu anayesema kishikwambi chake hakifai kufundishia fizikia, naomba ajaribu hili kwanza.

Kuna tatizo jingine ambalo watu hudhani ni mtandao mbovu. Ukurasa wa habari unafunguka, vichwa vya habari vinasomeka, picha zote ni visanduku vitupu. Ukiona hivyo kwenye iPad ya zamani, huenda picha hizo ni za WebP, fomati ya Google ya 2010 ambayo Apple waliikubali kwenye iOS 14, mwaka 2020. iPad Air ya kwanza iliishia iOS 12, kwa hiyo haitaziona. Kubadili kivinjari hakusaidii, kwa sababu huku kwetu Chrome na Firefox za iPad zinatumia injini ile ile ya Safari, yaani sehemu ya ndani inayofungua kurasa. Bora kutumia programu ya chombo hicho cha habari, ikiwa bado inakubali kuingia. Kwenye Android mambo ni tofauti: Firefox ina injini yake yenyewe, hivyo ukurasa uliogoma kwenye kivinjari kilichokuja na kifaa mara nyingi hufunguka kwenye Firefox. Huwa najaribu hilo kabla ya jingine lolote.

Na video ikicheza kwa kukwama huku kifaa kikichemka? Kishikwambi kina sehemu maalumu ya kufungua kodeki fulani, na isiyoijua kodeki hiyo inaiachia prosesa ya kawaida kazi yote. Joto letu la kaskazi, Januari na Februari, linazidisha. Kwenye YouTube shusha ubora hadi 480 au 360. Kwenye kioo cha inchi saba utofauti ni mdogo, na bando litakaa.

Anayetaka kununua cha mtumba abebe majaribio yake mwenyewe. Weka kwenye kadi ya kumbukumbu video moja ya H.264, moja ya H.265 na moja ya WebM, uzifungue pale pale dukani bila VLC. Angalia toleo la Android au iOS kwenye Mipangilio, si lile lililoandikwa kwenye boksi. Omba mtandao wa muuzaji ufungue ukurasa unaoutumia kila siku. Muuzaji akikuharakisha, Ngamiani ina maduka mengi.

Lakini sitaki mzigo wote ubebwe na mwenye kishikwambi. Sisi tunaotuma ndio tuna uwezo mkubwa zaidi: walimu tunaorekodi vipindi, masheikh na wachungaji wanaosambaza mawaidha, wapiga picha za harusi. Video iwe MP4, picha yake H.264, sauti yake AAC, na ubora wa 480 au 720 unatosha. Sauti peke yake iwe MP3. Picha ziwe JPEG, notsi ziwe PDF. Kwenye kompyuta kuna HandBrake, ya bure, itakayokugeuzia faili usiku ukiwa umelala. Asubuhi, kabla hujalitupia kwenye kundi la wazazi, lijaribu kwenye kishikwambi kilicho kikuukuu kuliko chako.