"Pathetic" ni huruma au ni dharau?

Ndugu yangu, umeuliza kama msimamizi wako alikuonea huruma alipokuandikia "your excuse is pathetic", siku uliyochelewa kwa sababu ya foleni ya Thika Road. Pole sana, hapo alikudharau. Maana yake ni kwamba kisingizio chako ni duni mno.

Asili ya neno hilo ni Kigiriki, pathos, yaani mateso au hisia nzito. Waingereza walilitumia kwanza kwa kitu kinachogusa moyo; dharau ilikuja baadaye, na siku hizi ndiyo imetawala. Huruma haijafutika, lakini. Juzi mvua iliponyesha Gikomba nilimwona paka amejikunyata chini ya meza ya mitumba, manyoya yamegandamana, sauti imekauka kwa kulia. Huyo ungemwita "a pathetic sight": anatia huruma.

Ila kazi, jibu au juhudi za mtu zikiitwa hivyo, elewa ni ovyo, ni za aibu. Na tafadhali usimwambie mgonjwa "you look pathetic" ukidhani unampa pole. Jirani yangu alimwambia hivyo mama aliyetoka kulazwa, kwa nia njema kabisa. Yule mama aligeuza uso ukutani.