Bata Mwekundu, Jani la Kijani na Swali Ninalouliza Dukani

Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa akiota meno, nilimnunulia bata wa mbao mwenye magurudumu, aliyepakwa rangi nyekundu inayong'aa, na boksi lake lilikuwa limeandikwa kwamba ni rafiki wa mazingira. Hazikupita wiki mbili nikamkuta mtoto ana vipande vidogo vya rangi vilivyomganda mdomoni, na mdomo wa bata umebaki mbao tupu. Nililigeuza boksi pande zote nikitafuta jina la kiwanda, aina ya rangi, au walau nchi alikotengenezwa. Sikuona kitu zaidi ya picha ya jani la kijani.

Tangu siku hiyo huwa naanza na swali moja: nani amethibitisha? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika biashara ya vitu vya watoto vyote viwili vinajitembeza, tena kwa maneno yale yale: asilia, salama, kijani. Maneno hayo yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuyaweka kwenye boksi. Nembo ya taasisi inayokagua ina uzito wake, ila kila nembo hujibu swali lake tu, na hapo ndipo nilipopotea kwa muda mrefu. Nembo ya OEKO-TEX Standard 100 humaanisha kwamba kitambaa kimepimwa kemikali zenye madhara, na daraja lake la kwanza, lenye masharti makali zaidi, ni la watoto wasiozidi miaka 3. Haisemi lolote kuhusu namna pamba ilivyolimwa. GOTS, nembo ya nguo na vitambaa vya kilimo hai, huenda mbali zaidi, kwa kuwa hudai nyuzi za kilimo hai zisizopungua asilimia 70, na hukagua pia maji machafu ya viwanda na haki za wafanyakazi, ikiwemo kukataza ajira ya watoto. FSC, nembo ya bidhaa za misitu ya taasisi iliyoanzishwa mwaka 1993, huhusu msitu ambako mbao imetoka. Kwa hiyo bata wangu angeweza kuwa na nembo halali ya FSC na bado rangi yake ikaishia tumboni mwa mtoto.

Rangi ndiyo inayonitia hofu kuliko yote, kwa sababu rangi nyingine huwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Barani Ulaya vichezea hupimwa kwa viwango vya EN 71, na Marekani ina sheria ya mwaka 2008 iliyobana kiasi cha risasi katika bidhaa za watoto. Nyumbani mimi husugua kichezeo kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikihamia kitambaani, kichezeo hicho hakiingii mdomoni mwa mtoto. Jaribio hili haliwezi kugundua risasi, bali huonyesha tu kama rangi imeshika. Ndiyo maana napendelea mbao ngumu isiyopakwa rangi, iliyolainishwa vizuri na kupakwa nta ya nyuki. Mbao ya mti wa mpira ni chaguo zuri, kwani hutoka kwenye miti iliyozeeka na kuacha kutoa utomvu wa kutosha. Mbao za kubandikwa kwa gundi nazinusa kwanza, maana gundi nyingine hutoa fomaldehaidi, gesi yenye madhara. Kuhusu plastiki sina ugomvi na ile ngumu na nene, inayooshwa na kurithishwa kwa miaka. Ninayoikwepa ni PVC laini, ambayo mara nyingi hulainishwa kwa kemikali ziitwazo thaleti.

Kwenye nguo nilidanganywa na mianzi. Nilinunua fulana nyororo kwelikweli, nikiamini nimeokoa mazingira, kisha nikajifunza kwamba mianzi mingi huyeyushwa kwa kemikali na kugeuzwa viskosi, yaani nyuzi zinazotengenezwa kiwandani, na kwamba kaboni disulfaidi inayotumika katika kazi hiyo inaweza kuwadhuru wafanyakazi wa kiwandani. Mwaka 2009 mamlaka ya biashara ya Marekani ilizichukulia hatua kampuni zilizouza kitambaa hicho kwa jina la mianzi tu.

Kuhusu mikono inayoshona, siwezi kusahau tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoporomoka karibu na Dhaka, Bangladesh, na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za kuuzwa nchi za nje, ilhali nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua nguo mpya, naangalia kama kampuni imetangaza hadharani orodha ya viwanda vinavyoishonea. Orodha hiyo si ushahidi wa wema, lakini kampuni isiyotaka hata kutaja viwanda vyake sioni kwa nini niiamini.

Hata hivyo, nguo mpya nanunua chache sana siku hizi. Mtoto mchanga huongezeka uzito maradufu ndani ya miezi mitano hivi, hivyo nguo humbana kabla haijachakaa, na mtumba uliofuliwa mara nyingi umekwisha kupoteza sehemu ya kemikali za kiwandani. Vichezea vya zamani vilivyopakwa rangi ndivyo nisivyovirithi, kwani huenda vilitengenezwa kabla ya masharti ya leo. Nguo za mdogo wa mtoto wangu huyo wa kwanza nazo nazipitia moja moja: nachomoa kamba za shingoni, kisha navuta kila kifungo kwa nguvu, na kinacholegea nakishona upya kwa uzi maradufu kabla nguo haijavaliwa.